Mfinyanzi Hulia Gaeni: Uvuvi wa Nzi Bandia na Mfuko wa Kijana wa Kenya

Wahenga waliponena kwamba mfinyanzi hulia gaeni, yamkini hawakuwa wakiwafikiria wafungaji wa nzi wa Nairobi. Hata hivyo, ni vigumu kupata watu ambao methali hiyo inawaafiki zaidi ya hao. Katika karakana kadhaa za jiji hilo na viunga vyake, mafundi, wengi wao wanawake, huketi kutwa nzima mbele ya vibano vidogo vya chuma wakizungusha uzi, sufu na manyoya ya jogoo juu ya ndoana isiyozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Fundi anapomaliza, ndoana huwa imegeuka mdudu: ina mkia, ina tumbo lenye mapingili, ina miguu inayochezacheza. Nzi hao bandia hutiwa katika vijisanduku na kusafirishwa Ulaya na Marekani, ambako mvuvi humfunga mmoja kwenye ncha ya mshipi wake na kumrushia samaki aina ya trauti. Kazi hii imekuwapo nchini Kenya tangu enzi za ukoloni, na hadi leo mikono ya Wakenya ni miongoni mwa ile inayotegemewa na wavuvi wa mbali kwa bidhaa hiyo. Lakini fundi mwenyewe, ambaye kwa siku moja hufunga nzi wa kumtosha mvuvi mmoja msimu mzima, aghalabu hajawahi kumwona hata samaki mmoja akimdona mdudu wake.

Hali hii haina budi kumshangaza kila mwenye kutafakari. Si kwamba trauti wako mbali. Mito ya Gura, Chania na Mathioya iteremkayo kutoka safu ya Nyandarua, na ile ya Thego, Sagana, Nairobi, Burguret na Naro Moru iteremkayo kutoka Mlima Kenya, imewahifadhi samaki hao kwa zaidi ya karne moja. Kutoka jijini hadi Nyeri ni mwendo wa kilomita 150 hivi kwa matatu. Kijana aliyesoma katika shule iliyo kando ya mto huo huo, akaufulia nguo na kuuvuka kila siku, ukimuuliza kuhusu uvuvi wa nzi bandia atakujibu kwa maneno mawili au matatu: ni mchezo wa Wazungu, ni mchezo wa matajiri, ni mchezo wa wazee waliostaafu. Makala haya yanapinga kauli zote tatu, na hasa hiyo ya pili, kwa kuwa ndiyo inayowafungia vijana mlango kabla hawajaugusa komeo.

Kauli ya kwanza haikuzuka hivi hivi, nayo haifai kupuuzwa. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule mlowezi aliyesifika kwa safari yake ya kutoka Rasi hadi Kairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven huko Uskochi, yakaletwa na kuanguliwa hata samaki wakatiwa katika mto Gura. Trauti wa rangi za upinde wa mvua, ambaye asili yake ni pande za Pasifiki, alifuata miaka michache baadaye. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilijenga kituo cha kuzalishia trauti huko Kiganjo, karibu na Nyeri, ili mito iendelee kujazwa vifaranga. Samaki basi alikuja na mlowezi, akaja kwa ajili ya burudani ya mlowezi, na kanuni za kumvua ziliandikwa kwa kumfikiria mlowezi. Wenyeji wa miteremko hiyo nao hawakuwa na mazoea ya kula samaki, na kwa hiyo hawakuwa na sababu kubwa ya kuulizia kilichokuwa kikiogelea chini ya daraja lao. Kwa namna hiyo mto ukapata wenye nyumba wawili wasiojuana: mmoja aliyechota maji, na mwingine aliyekuja Jumamosi na fimbo yake.

Lakini chanzo cha kitu si hatima yake. Mpira wa miguu uliletwa na nani? Chai, ambayo hakuna nyumba ya Kenya inayokosa kuikaribishia mgeni, ilipandwa na nani? Lugha ya Kiswahili yenyewe ni ushahidi kwamba mgeni akikaa vya kutosha, akavaa viambishi na kufuata upatanisho wa kisarufi, huwa mwenyeji. Hakuna anayekataa kuketi mezani kwa sababu meza ni neno la Kireno. Trauti wa Gura wamezaliwa humo kizazi baada ya kizazi. Kama kuna aliyesalia kuwa mgeni katika mto huo, ni kijana anayeutazama kutoka darajani.

Ama kuhusu utajiri, hapo ndipo penye udanganyifu mkubwa. Atazamaye picha katika magazeti ya wavuvi wa Ulaya huona suruali za mpira zifikazo kifuani, fulana yenye mifuko kumi na minane, fimbo nyepesi ya nyuzi za kaboni na gurudumu la mshipi linalong'aa kama saa ya mkono. Huamini kwamba hivyo ndivyo uvuvi. Sivyo. Hivyo ni biashara iliyojengwa juu ya uvuvi, na yafaa vitu hivyo viwili vitenganishwe mapema.

Maelezo ya kale yanayofahamika zaidi kuhusu nzi bandia yaliandikwa na Aelian, mwandishi wa Kirumi aliyeishi mwishoni mwa karne ya pili na mwanzoni mwa karne ya tatu. Alieleza jinsi watu wa Masedonia walivyovua katika mto uitwao Astraeus. Waliviringisha sufu nyekundu juu ya ndoana, wakaongeza manyoya mawili ya jogoo, na wakatumia fimbo ya futi sita yenye mshipi wa futi sita. Basi. Hapakuwa na gurudumu, hapakuwa na fulana yenye mifuko. Kitabu cha kwanza kilichopigwa chapa kwa Kiingereza kuhusu uvuvi wa fimbo, kilichotolewa mwaka 1496 na ambacho kwa kawaida huhusishwa na mtawa Juliana Berners, kilimfundisha msomaji kujichongea fimbo, kusokota mshipi kwa nywele za mkia wa farasi, na kuipinda sindano motoni hata iwe ndoana. Nao wavuvi wa milima ya Japani, waliovua kwa ajili ya kuuza na si kwa burudani, walibuni mtindo uitwao tenkara ambao hadi leo hauna gurudumu: fimbo ndefu, mshipi uliofungwa nchani, na nzi mmoja. Ukiwakusanya hawa wote, Mmasedonia, mtawa wa Kiingereza na Mjapani wa milimani, utaona kwamba uvuvi huu ulizaliwa mikononi mwa watu waliotumia kilichokuwa karibu. Utajiri uliuvamia baadaye.

Kijana wa Kenya anaweza kuanza pale pale walipoanza hao. Mito ya trauti nchini, hasa sehemu za juu, ni myembamba. Mahali pengi ng'ambo ya mto haizidi mita sita au saba. Katika mto wa namna hiyo mtu hahitaji kurusha mshipi mbali. Huhitaji kuurusha polepole, kwa shabaha, na kubaki amejificha. Mwanzi mkavu wa mita tatu na nusu, ulionyooka na wenye ncha nyembamba inayonesa, unatosha. Uwe ni mwanzi uliopandwa shambani na kununuliwa kwa mwenyewe, si uliokatwa kimagendo katika msitu wa serikali. Mshipi husokotwa kwa nyuzi tatu au nne za nailoni ya dukani, urefu wake ukilingana na fimbo, na mwisho wake hufungwa kipande cha nailoni nyembamba kiasi cha mita moja. Nailoni hiyo nyembamba ndiyo isiyoonekana na samaki, na ndiyo hubeba nzi. Hapo chombo kimekamilika, na gharama yake haifikii ya jozi ya viatu vya mtumba vilivyo hali nzuri.

Atakayekuwa na uwezo zaidi, au wenzake wanne watakaochanga, atanunua fimbo ya kiwandani ya futi tisa yenye nambari 5, ambayo ndiyo ya katikati na hufaa kwa mito na mabwawa pia. Hapa wengi hukosea. Hutoa fedha nyingi kwa fimbo na kwa gurudumu, kisha hununua mshipi wa bei ya chini kabisa. Ilipaswa kuwa kinyume. Katika uvuvi wa kawaida wa mshipi kama wanavyoufanya wavuvi wa pwani, kinachobeba ndoana kwenda mbali ni uzito wa chubwi. Nzi bandia hana uzito. Ni unyoya tu. Kwa hiyo mshipi wenyewe hutengenezwa uwe mnene na mzito, nao ndio hurushwa, na nzi hufuata kama mkia wa tiara. Mshipi mbaya hauruki hata ukishikwa na bingwa. Gurudumu, kwa samaki wa uzito wa robo kilo au nusu kilo, ni kabati la kuhifadhia mshipi na si zaidi. Lolote lizungukalo linafaa. Nambari ya mshipi sharti ilingane na nambari ya fimbo, jambo dogo ambalo muuzaji asiyejua hulisahau na mnunuzi asiyejua halikumbuki.

Suruali za mpira zifikazo kifuani hazihitajiki. Maji ya Thego ni baridi, hilo ni kweli, lakini samaki wengi huvuliwa kutoka ukingoni, na anayeingia majini bila sababu huwatimua kabla hajarusha. Gambuti za mkulima zinatosha. Vitu viwili tu ndivyo visivyopuuzwa kwa kisingizio cha ukata: kofia na miwani ya aina yoyote, kwa maana ndoana inayopita karibu na uso kwa kasi haichagui jicho la maskini wala la tajiri.

Kujifunza kurusha ni bure kabisa. Uwanja wa mpira wa chuo, saa kumi na mbili asubuhi kabla wachezaji hawajafika, ni shule ya kutosha. Ndoana haifungwi, hufungwa kishungi cha sufu nyekundu kionekane nyasini. Mwanafunzi huinua fimbo kwa mwendo unaozidi kasi kidogo kidogo, huisimamisha ghafla inapopita kidogo wima wa kichwa, kisha hungoja. Kungoja huku ndiko kugumu. Mshipi sharti unyooke wote nyuma yake kabla hajaurudisha mbele, naye hauoni. Karibu kila anayeanza hukosa subira na kuurudisha mapema, mshipi ukalia kama mjeledi na kumwangukia mabegani. Nguvu hazimsaidii; mara nyingi mtu mwenye misuli hushindwa na msichana mwembamba mwenye kusikia mdundo. Wiki mbili za nusu saa kila asubuhi huweza kumfikisha mtu mahali pa kuweka sufu yake ndani ya karai lililo umbali wa mita nane, na mita nane ni nyingi kuliko atakazozihitaji Burguret.

Hatimaye ni nzi wenyewe, na hapa ndipo kinaya cha aya ya kwanza kinaporejea. Nchi inayowafungia walimwengu nzi ina vijana wanaodhani nzi ni bidhaa ya kuagizwa ng'ambo. Kibano cha fundi kinaweza kuwa koleo dogo la fundi wa umeme, mikono yake ikibanwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Uzi ni wa mshonaji. Manyoya ya shingo ya jogoo hutupwa kila siku katika kila soko ambako kuku huchinjwa. Sufu hupatikana katika sweta kuukuu. Ndoana ndizo hununuliwa, nazo huuzwa kwa mia. Anayeanza hahitaji aina hamsini za nzi. Mmoja mweusi mnene, wa jamii ya yule anayejulikana na wavuvi kwa jina la Kenya Bug, huzama na kumfikia samaki aliye chini. Wa pili awe mdogo wa rangi ya kahawia, kuiga viluwiluwi vinavyoishi chini ya mawe. Wa tatu awe na manyoya mengi shingoni apate kuelea. Kijino cha ndoana, kile kinachomzuia samaki asichomoke, hubanwa kwa koleo kikalala. Hivyo samaki mdogo anaweza kurudishwa majini bila kuraruliwa, na kidole cha mvuvi pia, siku yake itakapofika.

Yupo atakayeuliza kwa nini asitumie nyungunyungu, aliye bure na ambaye trauti hamkatai. Swali ni la haki. Jibu la kwanza ni la kanuni: mito ya trauti imezoewa kuvuliwa kwa nzi bandia, na anayetaka kuvua sharti kwanza apate leseni ya uvuvi. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 haimwachi nje mvuvi wa burudani. Masharti ya mahali, yaani idadi na urefu wa samaki wanaoruhusiwa, huulizwa kwa maafisa wa uvuvi wa eneo, na kituo cha Kiganjo ni mahali pazuri pa kuanzia. Ndani ya mbuga za taifa kuna ada ya kuingia, ambayo mwenye mfuko mwembamba anaweza kuiepuka kwa kuvua sehemu za chini, nje ya mipaka. Huko juu pia kuna ndovu na nyati, na mtu mwenye kichwa kizima haendi peke yake. Kumlipa kijana wa hapo akuongoze si anasa. Ni tahadhari, na ni ajira.

Jibu la pili ndilo zito zaidi. Avuaye kwa nyungunyungu huweza kukaa mchana kutwa bila kuujua mto. Avuaye kwa nzi hawezi. Kabla ya kufunga mdudu wake hulazimika kujua mdudu yupi yumo majini, na ili ajue hugeuza mawe. Chini ya jiwe la mto safi atakuta viluwiluwi bapa vyenye mikia miwili au mitatu, vinavyong'ang'ania jiwe maji yakipita kwa kasi. Atakuta vingine vilivyojijengea vijumba vya mchanga na vijiti. Viluwiluwi hivyo havivumilii uchafu. Palipo na dawa za mashambani au maji taka hutoweka, na mgeuza mawe huwa wa mwanzo kutambua. Mito ya upande wa Ewaso Ng'iro, ikiwamo Naro Moru na Burguret, hupungua mno wakati wa kiangazi kwa sababu maji yake huvutwa mashambani, na sehemu za chini huweza kukauka kabisa. Anayeona maji yakishuka chini ya mizizi ya miti mwaka hadi mwaka atapiga kelele. Kwa sasa wapigao kelele ni wachache, kwa sababu wanaoutazama mto kwa makini ni wachache, na wengi wao wameshazeeka. Hii ndiyo hasara halisi ya kuuacha mchezo huu mikononi mwa kundi dogo: unapotoweka, hutoweka na macho ya mto.

Haitakuwa haki kuunyamazia upande wa pili wa shilingi. Trauti si malaika. Aina zote mbili zilizoletwa Kenya zimo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vinavyotajwa kuwa na madhara makubwa zaidi duniani, kwa kuwa huwala na kuwafukuza samaki wa asili wa mito wanamopandikizwa. Mpenzi wa uvuvi ambaye angependa kuwaona katika kila kijito anakosea, na asikubaliwe. Wavuliwe walimo, wasipelekwe wasipo. Mtu anaweza hata kuvua kwa nzi maisha yake yote bila kumgusa trauti. Ngege humdona nzi mdogo anayezama polepole, na mabwawa ya ngege yamejaa nchini, yakiwamo mengi yaliyochimbwa kupitia mpango wa serikali wa kufufua uchumi ulioanza mwaka 2009, ambayo baadhi yamebaki kuwa makazi ya vyura. Mwanafunzi aliye Kakamega au Kisii hana haja ya nauli ya kwenda Nyeri. Ana haja ya jirani mwenye bwawa na ruhusa yake.

Wapo pia wanaosema kwamba kuvua kwa kujifurahisha katika nchi yenye njaa ni kufuru. Hoja hii ina uzito wa kimaadili, lakini imesimama mahali pasipo pake. Hakuna anayemwambia mchezaji wa mpira akalime badala ya kucheza. Isitoshe, samaki aliyevuliwa kwa nzi huliwa kama samaki mwingine yeyote, kanuni zikiruhusu, na trauti aliyekaangwa ukingoni mwa mto kwa chumvi tu hajawahi kulalamikiwa. Umaskini wa kweli ni ule unaomfanya mtu aamini kwamba baadhi ya furaha zimeumbiwa watu wengine.

Limebaki suala linalowahusu wasomaji wa jarida hili kuliko wengine. Mtu akitaka kuufundisha uvuvi huu kwa Kiswahili leo, atatumia maneno gani? Wavuvi wa pwani wana hazina ya msamiati ambayo wasomi wa bara huipita kama wapita njia: mshipi, ndoana, chambo, chubwi, chelezo, jarife, dema, juya. Samaki hudona; mvuvi husikia mdono mkononi kabla hajaona kitu. Maneno haya yalikuwapo Lamu na Vanga karne nyingi kabla ya fimbo ya kwanza kufika Gura, na mengi yanauvaa uvuvi wa mtoni bila kupunguzwa wala kuongezwa. Penye pengo, kama vile kuutaja ule mshipi mzito unaorushwa na ile nailoni nyembamba ya mwisho, mafundi wa karakana za Nairobi yamkini wameshabuni maneno yao, kwa maana hakuna kazi ifanywayo na Wakenya kwa miongo kadhaa ikakosa lugha. Kuna tasnifu ngapi za uzamili zinazorudia mada zile zile za ufeministi katika riwaya moja au mbili zinazojulikana na kila mtahini? Yule mwanamke aliyeketi mbele ya kibano ana istilahi ya kila unyoya anaoushika. Hakuna kamusi iliyowahi kumtembelea.

Chama cha wanafunzi chenye wanachama sitini hakishindwi kununua fimbo mbili na mshipi mmoja mzuri, wala hakishindwi kumwalika fundi mmoja wa karakana, kwa malipo ya siku yake ya kazi, aje kufundisha kufunga nzi ukumbini Jumamosi moja, huku mmoja wa wanaisimu akikaa karibu na daftari. Baada ya hapo, katika likizo fupi ya muhula, gari la chuo lielekee Kiganjo badala ya kwenda tena ufukweni. Fundi apewe kiti cha mbele. Na atakapofika mtoni, fimbo ya kwanza ashike yeye.